Vijana Wanaunga Mkono

Shangazi yangu Nasike aliolewa na fundi wa redio, na hilo ndilo kosa pekee ambalo polisi waliweza kulithibitisha.

Fundi mwenyewe anaitwa Jotham. Ana kibanda Bungoma, nyuma ya soko, chenye redio nyingi zaidi zilizopasuliwa matumbo kuliko zile zinazoongea. Mwaka huo wa 2003 alikuwa amekwenda Kitale kutafuta spea, na begi lake lilikuwa na vitu vya kawaida vya fundi: waya nyekundu, waya nyeusi, betri sita zilizofungwa pamoja kwa mpira, na saa ya ukutani ya kanisa moja la Kiminini, ambayo alikuwa ameitengeneza na alitaka kuirudisha akishuka nyumbani. Saa ilikuwa inatembea. Hapo ndipo alipojimaliza. Angekuwa fundi mbaya, saa ingekuwa imekufa, na yeye angelala kwake.

Askari aliyemkamata alikuwa ametoka semina ya siku tatu kuhusu ugaidi. Huko walimwonyesha picha moja ya bomu, na tangu arudi alikuwa anazunguka Kitale mzima akiitafuta. Alifungua begi, akasikia tik, tik, tik, akaruka nyuma mpaka akakanyaga nyanya za mama mmoja. Kisha, kwa vile alikuwa shujaa, alimwamuru Jotham abebe begi lenyewe mpaka kituoni. Yeye akafuata kwa nyuma, hatua ishirini.

Haya yote aliniambia Gathii, kinyozi rafiki yangu, ambaye kibanda chake kinaangalia pale pale. Nilimwomba aende kituoni aseme alichoona.

"Niseme nini?"

"Useme ni saa. Uliiona."

"Tonny, mimi nilikuwa nanyoa mtu. Nilikuwa naangalia kichwa."

"Si umeniambia hata nyanya zilikanyagwa ngapi?"

"Hiyo nimekuambia wewe. Wewe si serikali."

"Kwa hivyo mimi naweza ambiwa ukweli kwa sababu sina maana?"

"Umeelewa haraka," alisema Gathii, akapuliza nywele kwenye mashine yake.

Wakati huo mswada wa kupambana na ugaidi ulikuwa bado ni karatasi tu. Redio ilikuwa inaujadili kila jioni. Wakili mmoja anasema polisi wasipewe nafasi ya kumfungia mtu bila watu wake kumwona, mwingine anasema nchi imelipuliwa mara mbili na sisi bado tunaongea haki. Kulikuwa hata na kifungu kuhusu nguo: ukivaa kitu cha kumfanya mtu akushuku, una kesi. Wasomi walibishana Nairobi wiki baada ya wiki. Kitale hawakuwa na muda wa kubishana. Wao walikuwa wameshaanza.

Siku nne Anti Nasike alipanda Kitale na sufuria ya chakula, siku nne hakumwona mumewe. Askari wa mezani alichukua kitambulisho chake, akakitia kwenye droo, akamwambia mume anasaidia uchunguzi. Chakula atapelekewa. Siku ya nne sufuria ilirudi na mifupa ya kuku, na Anti akaiangalia kwa muda mrefu.

"Hii si Jotham," aliniambia. "Jotham anavunja mfupa, ananyonya mpaka unakuwa kama filimbi. Hii mifupa ni mizima. Hii ni ya mtu ako na mshahara."

Alipouliza mumewe atatoka lini, wakamwambia alete barua ya chifu wake, kwamba mtu huyo anajulikana na hana tabia ya kulipua. Kwa hivyo Ijumaa tukaenda kwa chifu, mimi na yeye. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four mwaka uliopita na kazi yangu ilikuwa kusindikiza watu.

Chifu Mukhisa ni mtu wa kofia kubwa na mambo madogo. Alitusikiliza huku akipanga kalamu zake tatu kwa urefu.

"Mama, barua si shida," alisema. "Barua ni karatasi. Shida ni heshima yangu. Wageni walikuja baraza ile ya juzi, watu wangu badala ya kukaribisha wageni wakaanza kuuliza maji ya kisima inaendanga wapi. Mzee mmoja akasema inaendanga kwa ng'ombe yangu. Mbele ya D.O., mkubwa wangu. Unaona hiyo ni tabia?"

Anti akasema pole.

"Sasa Jumatano kuna kamati inatoka Nairobi kusikiza maoni juu ya hii sheria ya magaidi. Wanakaa Kitale siku moja tu, watu wa Bungoma na wa Trans-Nzoia wote pamoja. Wananchi ni wengi lakini siku ni chache. Mimi nimeitishwa watu wawili wa kuongea. Mwanamke mmoja, kijana mmoja. Mwanamke anaunga mkono. Kijana anaunga mkono. Tunakunywa soda, tunarudi."

"Na bwana yangu?"

"Ukimaliza kuongea, nakupea barua yako."

"Lakini Chifu, si hiyo ndio sheria imemfunga?"

"Sheria bado haijapita, mama. Haiwezi kufunga mtu."

"Basi nini imemfunga?"

Chifu hakupenda swali hilo. Akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye nimelitia kinywani mwa Anti.

"Huyu ndiye kijana?"

"Ndiye," alisema Anti.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Form Four. C plus."

"Itatosha kuunga mkono," alisema chifu, akaandika jina langu.

Lazima niseme ukweli kwamba nilitoka pale nikiwa nimefurahi. Shuleni nilikuwa mwenyekiti wa chama cha mdahalo. Nilishawahi kuthibitisha, kwa dakika saba, kwamba mbuzi ana faida kuliko mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ndani akicheka kwa shida. Nilimwambia Anti asihofu.

"Wewe kaa kimya tu. Mimi nitaongea kwanza. Nitasema jina la Anko Jotham, siku alizokaa, saa, kila kitu. Mbele ya watu wa Nairobi chifu atafanya nini? Atanimeza?"

"Na barua, papa?" Ananiita papa kwa sababu nimeitwa jina la baba yake.

"Watu wa Nairobi wakisikia, hatutahitaji barua."

"Uko na hakika?"

"Anti. Hii ni mimi."

Aliniangalia vile watu huangalia mawingu wakiwa na mahindi uwanjani. Akakubali, kwa sababu hakuwa na mwingine. Usiku niliandika hotuba kurasa mbili, nikaweka neno "ukandamizaji" mara tano. Gathii nilimsomea kwenye kibanda asubuhi ya Jumatano, akasema ni kali sana na kwamba yeye siku hiyo hatafungua dirisha la upande wa ukumbi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, kisha kwaya ya akina mama wa chifu wakaimba wimbo uliotungwa makusudi kuikaribisha sheria, wakiita ije, ije mbio, kama vile ni bibi harusi amechelewa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Katikati alikaa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani na sauti ya upole, aitwaye Madam na kila mtu. Kando yake wakili wa kuandika. Na kwenye kona ya meza, hata hakuna aliyeeleza ni kwa nini, alikaa OCS, mkuu wa polisi wa kituo kile kile, na daftari lake mwenyewe.

Madam alisema mtu yeyote yuko huru kusema lolote. Kabla ya kusema, ataje jina kamili, nambari ya kitambulisho, na kijiji, ili maoni yake yahifadhiwe vizuri.

Watu wa Kitale walianza vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Mwihaki, mama wa duka la pembejeo, alisimama na mikono kiunoni.

"Mimi nauza mbolea. Nimesikia kwa redio ati mbolea inaweza tengeneza bomu. Sasa mtu akinunua gunia kwangu, mimi nitajua aje kama anaenda kupanda au anaenda kulipua? Nimuulize? Na akiniambia anapanda, nimwandike?"

"Swali zuri sana," alisema Madam. "Tumeliandika."

"Sitaki muandike. Nataka mnijibu."

"Tumeandika hilo pia."

Mzee Rotich wa upande wa mlimani alisema kwao hakuna gaidi hata mmoja, ila wezi wa ng'ombe wako wengi, na je, wezi hao wakivaa nguo za kushukiwa sheria inaweza kuwasaidia wenye ng'ombe? Watu walicheka. Madam alicheka. OCS hakucheka. Niliona kila mtu aliyeuliza kitu akitaja nambari yake, kalamu ya wakili inaandika upande huu, na kalamu ya OCS inaandika upande ule. Waliosema wanaunga mkono, kalamu ya OCS ilipumzika.

Kuna jambo moja la mabaraza yetu ambalo ni lazima mtu alijue. Mtu akianza na kushukuru, hakatizwi. Anayelalamika hupewa dakika mbili. Anayeuliza huambiwa kaa chini. Lakini anayeshukuru serikali, chifu, wageni na Mungu, huyo anaweza kuongea mpaka maziwa yagande, na kila akipumua anapigiwa makofi ya kilo, yale ya kuhesabu, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Mimi nilijua hivyo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiria kuna kazi inayoweza kufanywa nalo.

"Sasa," alisema Chifu Mukhisa, "kijana wetu."

Nilisimama. Nikatembea mpaka kwenye kipaza sauti. Hotuba ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikataja jina langu. Sauti ilikuwa yangu kabisa. Nikaanza nambari ya kitambulisho, na nilipofika tarakimu ya tatu nikaona OCS amefungua ukurasa mpya. Ukurasa mzima, mweupe, wa mimi peke yangu. Akanitazama kwa upole, kama mwalimu anayengoja imla. Tarakimu ya sita niliitaja mara mbili. Ya nane nilifikiria droo ile ya kituoni, sufuria, na yule askari akinyonya vidole. Nikataja kijiji. Baada ya kijiji kulikuwa na kimya, na kimya hicho kilikuwa changu nikijaze.

"Mimi kwa niaba ya vijana," nilisema, "naunga mkono."

Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa.

Chifu aliniangalia kama baba. Kalamu ya OCS ilifungwa kifuniko. Nikarudi kukaa, na nikapita mbele ya Anti Nasike bila kuinua macho, nikawa nahesabu mbao za sakafu.

"Na sasa mama wetu," alisema chifu.

Anti hakuwa na karatasi. Hakuwa amejitayarisha hata neno, kwa sababu kuna mtu alimwambia akae kimya tu. Alifunga leso yake upya kiunoni, akaenda mbele.

"Jina ni Nasike, bibi ya Jotham. Nambari ya kitambulisho siijui kwa kichwa."

"Unaweza kuangalia kwenye kitambulisho, mama," alisema Madam.

"Kiko kituoni. Kwa droo. Niliacha nikienda kuona bwana yangu, na bado sijamwona, kwa hivyo na kitambulisho bado sijarudishiwa. Lakini sikukuja kulalamika. Nimekuja kushukuru."

Kwaya ikapiga makofi.

"Kwanza nashukuru Mungu. Pili nashukuru wageni. Tatu nashukuru polisi ya hapa Kitale. Wengine wanangoja Bunge ipitishe hii sheria. Hawa hawakungoja. Wamejitolea."

Makofi tena, na OCS aliinua kichwa kidogo, akitabasamu.

"Bwana yangu anatengeneza redio. Walimpata na saa ya kanisa, na ile saa ilikuwa inatembea. Nashukuru kwa sababu hawakumpiga risasi. Wamemweka siku tisa. Siku tisa, hatujamwona mimi na watoto, hajapelekwa kortini, kwa hivyo hata hatujasumbuliwa na mambo ya wakili. Nashukuru."

Watu wa kwaya, kwa mazoea, walipiga makofi. Yalianza kwa nguvu na kuisha kama gari lililoishiwa mafuta. Nyuma ya ukumbi kuna mtu alicheka, kisha akanyamaza.

"Nashukuru yule askari wa mezani. Nilikuwa napika kuku kwa ajili ya bwana yangu, na kuku ni mzito kwa mtu amekaa bila kutembea. Yeye akakubali kumsaidia kula. Siku nne. Hakuchoka."

Mwihaki wa mbolea sasa alikuwa ameinama, mabega yanamtetemeka. Chifu Mukhisa alisimama akawapungia mkono kwaya waingie na wimbo. Mkono wa chifu wao wanaujua kwa maana moja tu. Wakapiga makofi ya kilo.

"Asanteni," alisema Anti. "Na nashukuru chifu wangu. Nilienda kwake kuomba barua ya kusema Jotham anajulikana. Akaniambia nikija hapa niunge mkono, atanipatia. Kwa hivyo mimi nimeunga mkono. Naona inafanya kazi vizuri sana. Sasa naomba barua."

Hakuna aliyepiga makofi. Madam alivua miwani, akamgeukia OCS.

"Ni kweli mnamshikilia mtu huyu siku tisa?"

"Madam, hayo ni mambo ya uchunguzi."

"Ameshtakiwa?"

"Tulikuwa tunangoja barua ya chifu tu."

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Nimeona watu wakiangalia ajali kwa adabu zaidi. Chifu Mukhisa alijipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, kana kwamba anatafuta miwani, kisha akaingiza mkono ndani ya koti na kuitoa, imekunjwa vizuri, na muhuri juu yake.

"Iko hapa," alisema. "Ilikuwa tayari. Ni vile tu nafasi haikupatikana."

Madam aliipokea, akaisoma. "Imesainiwa Ijumaa," alisema.

"Ndio, Madam."

"Leo ni Jumatano."

"Ndio, Madam," alisema chifu. "Serikali iko na kazi mingi."

Saa kumi jioni Jotham alitolewa. Saa ya kanisa ilibaki kama ushahidi, ushahidi wa nini hawakusema. Begi alirudishiwa bila betri. Alitoka ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mshipi nao ulikuwa bado unasaidia uchunguzi. Anti alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akamwambia amekonda, na hayo ndiyo yote waliyosemezana mbele ya watu. Kitambulisho chake kilipatikana kwenye droo, kina alama ya kidole chenye mafuta.

Kama mtu anauliza mkutano ulisaidia nini: ripoti ya kamati niliiona miezi kadhaa baadaye, nakala iliyoletwa kwa chifu. Kuhusu watu wetu iliandikwa kwamba mwanamke mmoja alitoa ushuhuda wa jinsi hatua za usalama zinavyotekelezwa, akazishukuru, na kwamba vijana wanaunga mkono. Vijana ni mimi. Nambari yangu ilikuwa pale, tarakimu zote, imehifadhiwa vizuri kama walivyoahidi. Mswada wenyewe haukupita mwaka ule, na sitajifanya kwamba niliuzuia.

Lakini jioni hiyo tulikaa kwa Gathii. Alikuwa amefungua dirisha sasa, na alimnyoa Jotham bure huku akimweleza vile alivyokuwa karibu sana kuja kumtolea ushahidi. Anti alikuwa na kikombe cha chai. Mimi nilikaa kwenye benchi la wanaongoja, nikisoma kalenda ya ukutani.

"Tonny," alisema Jotham, kichwa kimeinamishwa. "Nasikia na wewe uliongea."

"Nani amekuambia?"

"Yule wa mezani. Ameniambia kijana wenu ameongea vizuri sana, hata mkubwa amefurahi." Akatoa mkono chini ya shuka la kinyozi. "Asante, kijana. Si wengi wangesimama."

Nilishika ule mkono.

"Mwambie ulisema nini," alisema Anti.

Gathii akazima mashine ili asikie vizuri.

"Nilisema naunga mkono," nilimwambia Jotham. "Hilo tu. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikasema hilo tu."

Jotham aliinua kichwa, nusu ina nywele na nusu haina. Nilingoja anitukane, na ningefurahi. Badala yake akajikuna shingo.

"Hata mimi nimesaini," alisema.

"Umesaini nini?" aliuliza Anti.

"Karatasi. Kabla ya kunitoa. Ati nilikuja kituoni mwenyewe, kwa hiari, nikakaa nao. Na kwamba chakula ilikuwa nzuri."

Gathii alijifanya anatafuta poda. Anti Nasike alimaliza chai yake bila haraka, akaweka kikombe dirishani, akasimama na kufunga leso.

"Gathii, maliza hicho kichwa twende," alisema, "kabla mmoja wa hawa hajaunga mkono kitu kingine."